Shanga Kiunoni mwa Chimène

Rafiki yangu Nzigire wa Buffalo, Marekani, hapendi kulisimulia jambo hili. Mwanawe mchanga, Chimène, alikuwa haongezeki uzito. Bibi mzungu ambaye Nzigire alikuwa akimtunza kazini alipofariki, familia ya bibi huyo ilimpa Nzigire shanga za kioo za Misri ya kale. Akamfunga mtoto shanga hizo kiunoni, kama mama yake alivyofanya Bukavu, ili kamba ikibana ajue mtoto amenenepa.

Kweli, mtoto akaanza kunenepa. Siku moja Kavugho, mwenzake wa maombi, akampigia simu kutoka mji wa Columbus, na Nzigire akamtajia zile shanga.

“Shanga zilitoka wapi?”

“Kaburini, walisema. Za binti mdogo.”

“Mama Chimène! Unamvalisha mtoto vitu vya wafu? Bon, kata kamba sasa hivi, tuombe.”

Wakaomba. Nzigire akazitupa ziwani, kule Lackawanna.

Jioni theluji ikaangusha nyaya, umeme ukazimika. Gizani akasikia shanga zikigongana taratibu kitandani kwa mtoto. Akaita jina la Yesu, akapapasa kiuno. Kilikuwa kitupu. Lakini ngozi ilikuwa na vishimo vidogo vya baridi, kama alama za shanga, vimekizunguka kiuno chote, na chini ya kidole chake vilisogea kimoja baada ya kingine, kama kamba inayovutwa polepole kutoka upande wa pili wa kitanda.