Simu ya Mahani Ng'ambo ya Mto

Mahani anapika akok. Ni vikeki vya mayai, tui na sukari ya mnazi, vinavyookwa kwa moto wa makumbi juu na chini. Hapa Rantau Panjang, mji wetu wa mpakani kando ya mto, kila mtu anaijua namba yake ya simu, maana imechapishwa kwenye kila boksi. Wateja hawaji kugonga mlango. Wanapiga simu.

Mwezi wa Shaabani, mpwa wake, binti wa binamu yake, aliolewa Narathiwat, nchi jirani ng'ambo ya mto. Mahani na mumewe Zawawi wakavuka daraja, wakagongewa mihuri, wakala harusi siku mbili, wakarudi. Kwetu sisi kuvuka mto ni kama kwenda mtaa wa pili. Lugha ni ile ile, wali ni ule ule, na mashangazi wa kugombana nao wako pande zote mbili.

Mama yake Mahani, Mek Limah, alibaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Basi maharusi walipoketishwa jukwaani, Mahani alimpigia simu ya video ili bibi naye aone. Bibi aliangalia saa nzima, akilia na kucheka.

Wiki mbili baadaye bili ya simu ikaingia.

"Zawawi! Njoo usome hapa. Nadhani macho yangu yameharibika."

Zawawi akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Elfu moja, mia tatu na themanini," alisema polepole. "Ringgit."

"Bili yangu ni hamsini na nane!"

"Ilikuwa. Wameandika matumizi ya nje ya nchi. Usipolipa kufikia Ijumaa, laini inafungwa."

Ramadhani ilikuwa inaanza Jumapili. Kwa mwezi huo mmoja Mahani huuza zaidi kuliko miezi sita mingine. Laini ikifungwa, wateja wa miaka kumi watapiga, watakosa jibu, watakwenda kununua kwingine.

"Nje ya nchi ipi?" alifoka. "Tangu lini kwa binamu yangu kukawa nje ya nchi? Wezi hawa!"

Mek Limah aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. "Ni kwa sababu yangu? Ungeniacha tu, mwanangu. Ningeona picha."

Mahani aliona aibu, na hasira ikampanda zaidi.

Jirani yao, Pok Su Deraman, akachungulia uani. Yeye huendesha lori la matunda na huvuka daraja mara tatu kwa wiki.

"Nimesikia makelele nikadhani Zawawi kaoa mke wa pili ng'ambo."

"Afadhali angeoa!" Mahani alimsukumia simu. "Tazama walivyonifanya."

Pok Su akatazama, akapiga mluzi. "Mlipovuka, data ilikuwa imewashwa?"

"Si huwa imewashwa siku zote?"

"Ndiyo hapo. Bibi harusi ni mpwa wako, Mahani, lakini mnara wa simu wa kule si binamu yako. Ni wa kampuni nyingine, ya nchi nyingine. Ukiutumia bila kifurushi, unatozwa bei ya mgeni. Hukupata ujumbe ulipovuka?"

"Niliupata. Nikadhani ni matangazo, nikaufuta."

"Toba!"

"Lakini Pok Su, nilipiga video mara moja tu. Muda wote uliobaki simu ilikuwa mkobani!"

"Ilikuwa mkobani, lakini ilikuwa inafanya kazi. Hebu fungua grupu la ukoo."

Wakahesabu. Siku zile mbili ukoo ulituma video sabini na nne. Zote zilikuwa zimejishusha zenyewe kwenye simu ya Mahani, yeye akiwa anakula wali.

Mahani akashika mdomo. "Hata hii ya Zawawi anacheza?"

"Hiyo imeingia mara tatu. Watu watatu wameituma."

"Nalipia kumwona huyu akitingisha kiuno! Mara tatu!"

Zawawi akajifanya anatafuta miwani, nayo iko mkononi.

"Msikae hapa mnalalamika," Pok Su alisema. "Kesho nendeni ofisi ya kampuni ya simu, mjini Pasir Mas. Msingoje Ijumaa. Ombeni mlipe kidogo kidogo, na ombeni laini iwekewe kikomo."

Walikwenda. Mhudumu alikuwa mama mmoja mpole. Alikubali walipe kwa miezi minne, na laini isifungwe. Kisha akaweka kikomo: matumizi ya nje yakifika ringgit thelathini, yakatike yenyewe.

Jioni Pok Su akamwonyesha mengine. Kabla ya kufika darajani, ingia kwenye mipangilio ya simu, uzime data ya nje ya nchi. Zuia video zisijishushe zenyewe. Ukihitaji data huko, nunua kifurushi cha safari kabla ya kuondoka, na uulize kinadumu siku ngapi na kama nchi unayokwenda imo. Au nunua laini ya kule kule. Ukifika kwa mwenyeji wako, omba waifai.

"Na ukiketi kunywa chai hapo ukingoni," aliongeza, "simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo hata hujavuka. Chagua mwenyewe mtandao wa kwetu."

"Yaani hata nikiwa kwenye chai yangu?"

"Hata kwenye chai yako."

Baada ya Idi walivuka tena kwenda kumpa mkono mpwa wao. Darajani Mahani alizima data, akakagua ya Zawawi, akakagua tena yake. Nyumbani kwa binamu aliomba waifai kabla hata ya kuomba maji. Mek Limah, kutoka nyumbani, akamwona mjukuu wake kwa video, akampa maneno ya ndoa ambayo siyaandiki hapa.

Bili ya mwezi ule ilipoingia, Mahani hakutaka kuifungua. Zawawi ndiye aliyesoma: mbali na fungu la deni walilokubaliana, ilikuwa hamsini na nane.

"Soma tena."

"Hamsini na nane, Mahani."

Bili ile kubwa hakuililia hata chozi. Hii alikaa nayo chini jikoni, akalia kwa sauti mpaka Mek Limah akaita kuuliza nani amekufa. Simu ikaita katikati ya kilio. Mteja wa Kota Bharu alikuwa anataka akok mia mbili za harusi.