Jogoo wa Simu

Siku walipokutana, foleni ya maabara ilikuwa imefika mlangoni, na Mama Kidoti ndiye alikuwa mpima damu peke yake zamu ile. Isitoshe, dada wa kazi hakutokea, kwa hiyo bintiye, Kidoti, alikuwa ameketi kiti cha pembeni akiwakagua wagonjwa. Akaingia fundi wa kuchomelea, ovaroli ya buluu imetobolewa na cheche, mkono mnene kama gogo, uso wa mtu anayetafuta pa kukimbilia.

"Ni sindano tu, Fundi. Si nyundo."

"Heri nyundo, Daktari."

"Mimi si daktari."

Kidoti alimwonea huruma, akamuuliza jogoo anasemaje. Fundi akafumba macho, akawika kama wanavyowika kwao, ng'ambo ya mpaka: "Kikiriguuu." Foleni nzima ikaangua kicheko. Alipofumbua macho damu ilikuwa imeshatolewa na yeye hana habari.

Ndivyo alivyoingia katika maisha yao, kwa kelele. Hakuacha kumwita Daktari, hata alipokanywa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alipiga simu akawika, na Kidoti, ambaye zamani aliamshwa kwa vita, akaruka kitandani mwenyewe. Mama mtu akawa anakunywa chai ingali moto. Mwanamke anayelea peke yake anajua hayo si mapenzi madogo.

Kisha mwalimu wa chekechea akamwita Mama Kidoti. Kwenye somo la wanyama Kidoti aling'ang'ania kwamba mbwa anasema gafu gafu, kama alivyofundishwa na Fundi, wenzake wakamcheka mpaka akajikojolea. Mama Kidoti alirudi nyumbani na sare iliyolowa ndani ya mfuko wa plastiki, amefura. Fundi alipopiga, hakungoja salamu.

"Achana na wanyama wa kwenu. Leo uko hapa, kesho umefunga virago. Nitabaki mimi na mtoto anayebweka kigeni."



"Kumbe mimi kwako ni mpita njia," Fundi alisema, akakata.

Kesho yake hakupiga, wala keshokutwa. Mama Kidoti akajisifu kwamba si alisema, ila simu akaanza kulala nayo chini ya mto. Kidoti naye akagoma kuamka. Mama akamwikia kokorikoo. Akaambiwa siyo huyo. Akameza kiburi, akajaribu kikiriguu.

"Jogoo wako anaumwa," Kidoti alisema, akajifunika shuka gubigubi.

Chai ilikuwa imepoa, soksi moja haionekani, na msimamizi wa zamu ameshatuma ujumbe wa kuuliza yuko wapi. Mama Kidoti akapiga simu kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na mtoto.

"Usiniulize habari. Wika."

"Daktari?"

"Wika, nachelewa kazini."

Akawika. Kidoti akaketi, nywele zimesimama, akamweleza mama yake kwa upole kwamba mwalimu hajui tu, jogoo wa kwao wako wawili. Kisha akaenda kupiga mswaki.

"Nilidhani umeondoka," Mama Kidoti alisema.

"Uliniambia niache."

"Nilisema uache wanyama. Nani alisema uache watu?"

Fundi alivuta pumzi. "Nimechoka kuwa jogoo wa simu. Nataka kuwika humo ndani, ukinirushia kandambili nijue nimepigwa nikiwa kwangu."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo hiyo."

"Jamani. Mtu anaposwa yuko chini ya kitanda anatafuta soksi."

"Nije nikinyanyue?"

"Jumamosi uende kwa mama yangu. Uvae shati lisilo na matundu. Na akikuuliza jogoo anasemaje, useme kokoriko kama watu."

"Na humo ndani?"

Mkono wake ukaigusa soksi, imejikunja nyuma ya mguu wa kitanda. Akaivuta, akaikung'uta vumbi.

"Humu wika unavyojua," alisema. "Ila ungoje nimalize chai."