Sauti Isiyo na Picha

Televisheni ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme kwa siku nne, lakini Herminio alipoweka kiganja mgongoni mwake aliukuta una joto, kama mgongo wa mtoto mwenye homa.

"Mliichomoa lini?" aliuliza.

"Jumatatu," alijibu Lorenza, aliyeibeba kutoka kwenye teksi hadi ndani ya karakana. "Na dukani wametuambia tusijisumbue. Tuchukue mpya."

"Miaka mitatu tu!" alidakia mama yake, Bi Ceferina, ambaye hakuwa amekubali kiti alichopewa. "Ile yangu ya chogo ilidumu miaka ishirini na miwili, fundi. Wasichana wangu wote wawili wamekulia mbele yake."

"Za siku hizi huzaliwa na tarehe ya kufa, bibi," alisema Herminio. "Kiwandani wanazipa taa zake nguvu zote ili zing'ae dukani, halafu zinaungua kabla ya siku zao. Lakini kioo hiki ni kizima. Atakayekitupa ni mpumbavu."

Bi Ceferina alitabasamu. Watu wa mtaa ule mjini Villarrica, nyuma ya kituo cha reli kilichofungwa, walijua kwa nini hataki mpya. Ile televisheni aliletewa na Mirna, kifungua mimba wake, aliyekuwa Madrid akitunza wazee majumbani mwao. Kila Jumapili, akipiga simu ya video, uso wa Mirna ulijaa pale, mkubwa kuliko alipokuwa nyumbani. Mwezi wa sita Mirna alifia hukohuko, akachomwa hukohuko, akarudi kwao katika kiboksi kisichozidi pakiti ya majani ya terere, chai yetu ya baridi.

Mama alipotangulia nje, Lorenza alibaki mlangoni akisokota ufunguo wa nyumba kidoleni.

"Fundi, mwambie imeshindikana."

"Kwa nini nimdanganye? Ina shida gani hasa?"

"Picha ndiyo imekufa. Sauti haijafa." Akatazama nje alipokuwa mama yake, akashusha sauti. "Wewe mwambie tu."

Herminio alipenda kufanya kazi mchana baada ya chakula, mji mzima ukiwa umefunga madirisha na kulala. Huku kwetu wazee husema saa hiyo si ya binadamu. Mtoto akionekana barabarani jua likiwa utosini hurudishwa ndani kwa fimbo. Yeye aliipenda kwa sababu hakuna mteja anayegonga. Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma, wa moto, wenye vumbi jekundu. Aliichomeka televisheni bila waya wa antena, bila chochote, akasikiliza.

Ilipumua.

Alifikiri ni spika. Akainama. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyefungua kinywa ili aseme, akaghairi, akafungua tena. Kisha ikamjia harufu ya maji ya maua ya makaburini, maji yaliyokaa ndani ya kopo hadi mabua yakaoza.

Kuna jambo ambalo kila fundi hulifanya taa za nyuma zikifa: humulika kioo kwa tochi, maana picha huwa ipo bado, imefichwa gizani tu. Herminio alichukua tochi, akaisogeza karibu sana na kioo, na katika kile kiduara cha mwanga akaona ukuta, halafu ukingo wa kitanda, halafu mgongo wa mwanamke aliyeketi huku nywele zimemlowa na kumgandama shingoni, na alipousogeza mwanga juu ili aone kichwa, kile kichwa kikaanza kugeuka, taratibu, kama kinachogeuzwa na mkono wa mtu mwingine, na sauti ya msichana ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Mama hajaja..."

Akaung'oa waya ukutani.

"...bado?" ikamalizia sauti.

Herminio aliketi sakafuni. Alijiambia kwamba kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa waya. Hiyo ni kweli, na kila fundi anaijua. Akaishika kweli hiyo kama mtu ashikavyo ukingo wa kisima, akabadilisha taa, akapunguza mwanga wake ili zidumu, na jioni akairudisha mwenyewe.

Ilirudi karakana baada ya siku kumi na tisa. Akaitengeneza. Ikarudi baada ya siku nane. Kila mara taa zilizoungua zilikuwa zilezile za katikati, zimejaa masizi ndani, ilhali za pembeni zilikuwa safi kama mpya. Na kila mara Bi Ceferina alikuwa amepungua. Mara ya kwanza gauni lilimpwaya mabegani. Mara ya pili alihitaji mkono wa Lorenza ili apande kizingiti, naye hakuwa amefika miaka sitini.

"Itengeneze, fundi," alisema siku ile. "Mwanangu yuko gizani. Ananiambia kuna giza, anaomba taa."

Lorenza aliziba uso kwa viganja. Herminio alimtazama mama yule, akakumbuka pumzi, na bado akaitengeneza, kwa kuwa hakujua namna ya kumwambia hapana. Siku tatu baadaye Lorenza alikuja peke yake, mbio, miguu mitupu: taa zimekufa tena, na mama hali wala hanywi, ameketi mbele ya kioo cheusi anazungumza.

Wote wawili wakaenda kwa Bi Tomasa, aliyeongoza sala za siku tisa za Mirna na aliyejua dawa za majani. Walimkuta uani akiponda mizizi kwenye kinu kidogo. Aliwasikiliza bila kuacha kuponda.

"Umeitengeneza mara ngapi?"

"Tatu," alisema Herminio.

"Basi umeilisha mara tatu. Mungu atuepushe na mafundi hodari!" Akafuta mikono kwenye aproni. "Twende. Saa hiihii ya jua la utosini, wakati inajiona iko kwake."

Sebule ilikuwa imefungwa madirisha. Ile harufu iliwapokea mlangoni. Bi Ceferina hakugeuka. Alikuwa akinong'ona, magoti yake yakigusa meza ya televisheni, na sauti ya Mirna ikimjibu polepole kutoka kwenye kioo kisichokuwa na kitu.

"Ceferina," alisema Bi Tomasa kwa upole, "mimi nilimwombea huyo mtoto. Nataka kujua kama ndiye. Muulize mambo yenu."

"Ndiye! Mirna, mwambie Bi Tomasa yule mbwa wetu aliitwa nani."

"Kapitani," ilisema sauti. "Alikufa mwaka wa mafuriko."

"Na kovu lako?"

"La goti. Nilianguka kutoka kwenye mpera wa kwa bibi, ukanipaka mafuta ya nguruwe."

Bi Ceferina alikuwa akilia kwa furaha. "Mmesikia? Mmesikia nyinyi?"

"Nimesikia," alisema Bi Tomasa. "Kinakujibu yale unayoyajua wewe. Kinakula humo kichwani mwako na kukutemea. Lorenza, uliza wewe. Uliza asilolijua mama yako."

Lorenza alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. "Siwezi. Bi Tomasa, tafadhali, hilo siwezi."

"Atakufa, mwanangu. Mtazame."

Lorenza alimtazama mama yake, mifupa ya shingo iliyotokeza. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kunong'ona.

"Dada. Mwezi wa tatu ulinipigia simu, ukaniapisha nisimwambie mama. Ulinambia nini?"



"Mirna?" alisema Bi Ceferina. "Mjibu mdogo wako."

"Mama, mwambie aache."

"Ulinambia nini, dada?"

"Mama. Mama. Mama," ilianza sauti, na sasa haikuwa ya Mirna tu, ilikuwa ya Bi Ceferina mwenyewe, vilevile anavyovuta maneno, ikimwita yeye kwa kinywa chake, na televisheni ikaanza kutoa joto hadi kitambaa cha mezani kikakunjamana pembeni, na ule mgongo wa mwanamke ukaonekana bila tochi, ukiwa umekaribia, umejaa kioo chote, nywele zikichuruzika, na kile kichwa kikigeuka nusu na kurudi, nusu na kurudi, kama kisichokumbuka kigeuke kiwe na uso gani, mpaka ikasema kwa utulivu, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Wewe umeshakauka, mama. Nipe Lorenza."

Herminio alikuwa amekwisha kushika waya, lakini Bi Tomasa alimzuia mkono. "Si wewe. Yeye ndiye aliyekifungulia, kwa kukiita mwanawe. Ceferina, kiambie ni nani."

Bi Ceferina alisimama. Hakuna aliyejua nguvu ile aliitoa wapi. Akajiweka katikati ya kioo na binti yake aliyebaki.

"Mirna alimbeba huyu mgongoni tangu huyu hajajua kutembea vizuri," alisema. "Asingemwomba. Wewe si mwanangu."

"Mara mbili zaidi," alinong'ona Bi Tomasa.

"Wewe si mwanangu." Alilia sasa, kwa uchungu kuliko alivyolia mazikoni, maana siku ile hakukuwa na mwili. "Wewe si mwanangu. Toka."

Kioo kilipasuka kutokea ndani. Harufu ilijaa, ikawakaba, kisha ikaondoka yote kwa pamoja, kama mtu aliyefungua mlango na kutoka. Herminio aliweka kiganja mgongoni mwa televisheni. Ilikuwa baridi.

Bi Tomasa alifungua madirisha na kuanza sala. Bi Ceferina hakuitikia.

"Mwezi wa tatu alikwambia nini?" aliuliza.

"Mama, pumzika kwanza."

"Lorenza."

Lorenza alipiga magoti mbele yake. "Kwamba anaumwa. Kwamba madaktari wamempa miezi, labda mitatu. Hakutaka kurudi, hakutaka umwone alivyokonda; mimi tu alinionyesha, kwenye simu. Kila Jumapili kabla hajakupigia alijipaka rangi usoni, akafunga mto nyuma ya mgongo ili akae wima. Mwenzake wa chumbani alimshikia taa. Mkimaliza kuongea, alilala siku mbili."

Bi Ceferina alikigusa kile kioo kilichopasuka.

"Kumbe hata yule niliyemwona," alisema, "sikumwona."

Herminio aliinua televisheni, mzigo mwepesi kuliko alivyotarajia, akatoka nayo pamoja na Bi Tomasa. Mlangoni alimsikia mama yule akisema nyuma yake, kwa sauti iliyochoka lakini isiyotetemeka tena:

"Kaa hapa karibu yangu. Nieleze alikonda vipi. Anzia usoni. Usiache kitu."

Na Lorenza akaanza kueleza.