Mtungi Uliofungiwa Mahakamani

Jioni ile nilitumwa kuuliza tarehe tu.

Kesi ilikuwa imeahirishwa tena. Mama Severina, mdogo wake mama yangu, alishinda kutwa kwenye benchi la nje ya mahakama, Masasi. Karani alipotaja siku ya kurudi, yeye hakumsikia, au alimsikia akakataa kuamini. Tulipofika Mkomaindo, kwa ndugu aliyetupa chumba, alikaa sakafuni na kuniambia nirudi nikaulize vizuri.

"Wewe ndiye unayejua Kiingereza," alisema. "Waulize kwa lugha yao. Labda kwa lugha yetu wanadhani tunatania."

Nilikuwa likizo kutoka Makerere. Mimi ni mtu wa kuhakikisha mambo. Nikifunga mlango, hurudi kuusukuma. Kwa hiyo nilikwenda, ingawa jua lilikuwa limeshazama nyuma ya majabali na nilijua ofisi zimefungwa.

Severina alikuwa na miaka kumi na tano. Kwao ni Mkunya, juu kwenye uwanda wa Newala, ambako maji hayapatikani. Wanawake huteremka bondeni, wakapanda mteremko na mitungi kichwani. Siku aliyouawa wenzake walimtangulia. Alikutwa njiani amenyongwa, na mkononi ameshika kata, ile pete ya majani ambayo huwekwa kichwani chini ya mtungi. Kata zake zilijulikana kijiji kizima. Alitumia mkono wa kushoto, hivyo zilisokotwa kinyume, nasi tulimcheka kwa hilo.

Mtungi haukuwepo. Ulikuja kupatikana nyumbani kwa Fakihi, mkulima wa hapo hapo Mkunya, chini ya magunia ya korosho. Ulikuwa mzima kabisa. Shingoni ulikuwa na alama tatu za ukucha, na ukucha ule ni wa Mama Severina, kwa kuwa yeye ndiye aliyeufinyanga. Ushahidi mwingine haukuwepo.

Kwetu, mtungi wa mwanamke huvunjwa juu ya kaburi lake siku ya mazishi, ili asiende tena kuchota. Wa Severina haukuvunjwa. Polisi waliuchukua kuwa kielelezo, nao ukafungiwa stoo ya mahakama mpaka kesi itakapokwisha.

Na kesi ilikuwa haijaanza. Haya yalikuwa maulizo ya awali tu, ya kuona kama Fakihi apelekwe mbele ya Jaji. Hakimu wa Newala alikuwa likizo Ulaya, ndiyo maana tukaletwa Masasi. Mara daktari aliyeupima mwili amehamishwa. Mara mkalimani wa Kimakonde anaumwa. Mara mshtakiwa anaomba muda wa kumtafuta shahidi wake. Fakihi aliomba muda kuliko wote. Na kila walipomwambia aushike mtungi aseme kama anaujua, alirudisha mikono nyuma ya mgongo.

Nilimkuta Mzee Dadi peke yake barazani. Ndiye tarishi wa mahakama na mshika funguo. Nilimwamkia.

"Marahaba," alijibu. "Msomi wetu umekuja kutuhukumu?"

Nilimwambia ninataka tarehe. Alinitajia. Nikamwomba arudie, akarudia huku akicheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama uani, akashusha sauti.

"Marehemu wenu... alikuwa anachota maji wapi?"

Nilimwambia ni bondeni, kwenye chemchemi iliyo chini ya Mkunya.

"Kuna matope meusi huko? Na majani yananukia kama mnanaa?"

Yapo. Nilimuuliza amejuaje, kwa sababu yeye ni mtu wa Masasi na hajapata kufika. Aliwasha taa. Alichukua funguo, akaniashiria nimfuate.

Stoo ilikuwa mwisho wa baraza. Haikuwa na dirisha. Ilikuwa katikati ya kiangazi, vumbi limetanda hata juu ya makufuli. Alipofungua mlango, harufu ilinipiga usoni.

Matope mabichi. Majani ya bondeni.

Mtungi ulikuwa sakafuni, kwenye kona, karatasi ya kielelezo imefungwa shingoni. Ulikuwa umejaa maji hadi kwenye zile alama tatu.

"Huwa naumwaga," alisema Dadi kwa kunong'ona. "Mwanzo nilidhani paa linavuja. Paa gani linavuja bila mvua? Kila wakiahirisha, jioni yake naukuta hivi. Na hiki hapa."

Aliinua taa. Kando ya mtungi palikuwa na kata mbichi, majani bado yana umande.

Iliyosokotwa kinyume.

Niliitazama kwa muda. Nilitaka kuhakikisha. Nilikuwa bado nimeinama hapo niliposikia, upande wa pili wa mtungi, mtu anavuta pumzi, kama mtu aliyepanda mlima mrefu akatua mzigo.

Halafu sauti. Ya chini. Ya adabu, kama msichana anavyomwambia mpita njia.

"Nitwike..."

Taa ilimponyoka Dadi. Sikumbuki nilivyotoka. Ninachokumbuka ni kwamba nilipofika barabarani nilirudi nikauliza, kwa mbali, kama amefunga mlango.

Nilikusudia kutomwambia Mama Severina. Lakini aliponitazama tu aliniuliza nimeona nini, nikamweleza yote. Hakulia. Alifikiri.

"Alisema nitwike, au alisema mama, nitwike?"

"Nitwike tu."

"Basi hakuniita mimi."

Akanieleza jambo ambalo kila mwanamke wa uwandani analijua, na mimi nililisahau kwenye mabweni. Mtungi wa maji ukijaa, mtu mmoja hawezi kujitwika. Lazima mwenzake amsaidie. Na njiani, mtu akikutua mzigo, yeye huyo ndiye anayekutwika kabla ya kuondoka. Hakuachi hapo. Severina alikuwa amemwomba mtu amtue apumzike mteremkoni, akatuliwa, kisha hakutwikwa.

"Anamngoja aliyemtua," alisema. "Na hawa kila siku wanamwambia angoje zaidi."

Tulirudi siku ile niliyotajiwa. Hakimu, Mwingereza kijana mwenye homa, alisikiliza kidogo na kuandika kidogo. Mtungi uliletwa mezani ukiwa mkavu. Fakihi alipoambiwa aushike alirudisha mikono nyuma, akaomba muda, kwa kuwa shahidi wake amekwenda Tandahimba. Hakimu akafunga faili.

Iliahirishwa.

Watu walitawanyika, gari la hakimu likaondoka. Mama Severina hakutoka. Nilimwona akizungumza na Dadi pembeni, Dadi akitikisa kichwa kukataa, halafu akiacha kukataa. Ilikuwa kawaida mahabusu kurudisha viti na vitu stoo kabla ya kupelekwa rumande. Dadi akamwambia askari kwamba Fakihi abebe mtungi.

Fakihi alisema mgongo unamuuma. Askari akamwambia mtungi mtupu hauvunji mgongo wa mtu. Mama Severina akamsogelea karibu sana.

"Kama hukufanya kitu, huu ni udongo tu, baba. Ubebe."

Watu wachache waliobaki walikuwa wanamtazama. Aliubeba.

Giza lilikuwa linaingia. Alipita barazani akiwa ameushika mbali na kifua, kama mtu aliyebeba moto. Sisi watatu tulifuata, askari akabaki nyuma akitafuta kiberiti chake. Fakihi akaingia stoo. Mlango ukajirudi nusu.

Harufu ile ikatoka. Matope. Majani.

"Nitwike."

Mama Severina alinishika kiganja. Alikibana mpaka mifupa ikalia.

Ndani, Fakihi alizungumza polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"Ungenyamaza tu. Nilikwambia unyamaze."

"Nitwike..."

Kisha nikasikia maji yakicheza ndani ya mtungi uliojaa, yanapoinuliwa kutoka chini kwenda juu. Matone yakadondoka sakafuni. Tone. Tone.

Kitu kikatoka mlangoni.

Sikuona mtu. Nasema kweli, nilitazama na sikuona. Ubaridi ulinipita begani, wa urefu wa msichana aliyebeba mzigo, ukashika njia ya Newala. Mzee Dadi akasogea kando, kama tunavyompisha mwanamke aliyetwikwa.

Tulipoingia na taa, Fakihi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono yote miwili juu, vidole vimepinda kama vinashikilia kitu cha mviringo. Macho yake yalikuwa yakitazama chini ya viganja, pale ambapo uso wa mtu ungekuwa. Mtungi ulikuwa miguuni pake. Mzima. Mkavu.

Askari alijaribu kumshusha mikono. Haikushuka.

Tulieleza maneno tuliyoyasikia. Yaliandikwa, lakini niliambiwa kwa upole kwamba ushahidi wa mama, mpwa wake na tarishi aliyevunja utaratibu hautafika mbali. Daktari alimpima Fakihi, akasema haelewi anachoulizwa, na mtu wa namna hiyo hashtakiwi. Alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali. Kesi ikaahirishwa mpaka atakapopata fahamu. Hakuna tarehe. Niliuliza kwa Kiingereza, nikauliza tena kwa Kiswahili.

Na kwa kuwa kesi haijakwisha, mtungi ni kielelezo bado. Dadi anasema hauna maji siku hizi. Lakini hauwezi kutolewa wala kuvunjwa kaburini.

Tulirudi Mkunya. Jioni ya kwanza tulikuwa jikoni, Mama Severina anachochea moto, mimi nachambua kisamvu. Mlango tulikuwa tumeufunga. Nilikuwa nimeusukuma kuhakikisha.

Harufu ilitangulia.

Halafu pumzi, nje ya mlango. Pumzi za mtu aliyepanda mteremko wote.

"Mama... nitue."

Mama Severina aliinuka. Alifika mlangoni mikono imeshanyooka, kama alivyokuwa akifanya kila jioni binti yake alipokuwa hai. Nikamshika nguo. Alisimama hapo, paji la uso juu ya mbao, akaniuliza bila kugeuka.

"Nikimtua, anapumzika? Au itabidi nimtwike tena kesho?"

Nilizidi kuishika nguo yake. Katika yote niliyofundishwa hilo halikuwemo.

"Mama... shingo inauma."

Alirudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye kigoda, mikono bado mbele yake, mitupu.

"Vumilia, mwanangu," aliuambia mlango. Kisha akanigeukia. "Alfajiri kuna lori la Masasi. Nenda ukawaulize tarehe."

Nje, maji yaliendelea kudondoka mchangani.