Bolti Mpya Kwenye Tundu la Zamani

Maiti ya dereva ilikuwa bado imefungwa mkanda. Gari lililala ubavu ndani ya mfereji, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani, vioo vimetapakaa kwenye nyasi kama chumvi iliyomwagika. Lilikuwa gari la zahanati, lile la kupita njia mbovu, limeinuliwa kiuno mpaka mtu mfupi hupanda kwa kuruka.

Askari wa usalama barabarani alikuwa ameshamaliza kuandika.

"Mwendo kasi, afande."

"Umejuaje?" Inspekta aliuliza.

"Kaka wa marehemu ndiye aliyefika wa kwanza. Gereji yake ile pale juu ya kona. Kasema mdogo wake alikuwa na mguu mzito."

"Kwa hiyo siku hizi tunaandika tunachoambiwa. Basi tufunge kituo, tufungue saluni."

Askari aliinamisha kichwa. Wenzake walimwita Inspekta huyu Msasa, wakiwa mbali naye, kwa sababu kila aliyemgusa aliondoka amechubuka.

Kaka mtu alikaa kwenye bampa la gari lake la kuvuta, anajifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mzee wa makamo, kifua kipana, macho makavu. Sanduku la spana lilikuwa miguuni pake.

"Pole, Fundi."

"Tumeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa. Nilimwambia dogo apunguze mwendo, hakusikia. Sikio la kufa, Inspekta."

Inspekta aliitazama ile mikono. Ilikuwa na grisi mbichi mpaka kwenye viganja. Damu haikuwepo, hata tone. Mtu kamkuta mdogo wake anavuja damu kwenye kiti, na mikono yake imeloa grisi.

Hasira ilimpanda Inspekta polepole, kama maji ya moto yanavyopanda kwenye sufuria. Aliamuru gari livutwe hadi yadi ya polisi, na mtu yeyote asiliguse.

Hospitalini, muuguzi aliyekuwa abiria alilala mguu ukiwa juu, umefungwa plasta.

"Mlikuwa mnakwenda kasi, dada?"

"Kasi gani! Nilikuwa na chai kwenye kikombe, hata haijamwagika. Tukapita kibonde kidogo tu. Usukani ukaanza kucheza. Si kutetemeka, Inspekta. Kucheza! Kushoto kulia, kushoto kulia, kama kichaa anayetikisa mlango. Dereva kaushika kwa mikono yote miwili, umemshinda. Akaniambia, 'Jishike, dada.' Tukaenda."

"Halafu?"

"Nilibanwa. Nikasikia mtu upande wa chini wa gari, spana inalia, tik, tik, tik. Nikamshukuru Mungu, nikajua tunakatiwa mlango. Wapita njia walipokuja kunitoa, mlango haukuwa umeguswa."

"Na dereva alikuwa hai wakati huo?"

Muuguzi aligeukia ukuta. "Alikuwa anaita. 'Kaka. Kaka.' Baadaye akanyamaza."

Inspekta alitoka nje, akapiga ngumi nguzo ya korido mpaka mfagiaji akamwambia, "Mzee, hiyo nguzo haijakukosea."

Nyumbani kwa marehemu alimkuta mjane kasimama mlangoni. Hakuwa na machozi. Alikuwa amefura.

"Umekuja kuniambia na wewe kwamba mume wangu ni muuaji? Jamaa za muuguzi wamekuja hapa getini, wamepaza sauti majirani wote wasikie. 'Mumeo kamlemaza binti yetu kwa mbio zake!' Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Kesho shuleni ataitwa mtoto wa nani?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu gari, mama."

"Gari! Mume wangu kalilalamikia hilo gari mpaka nikachoka. Tangu shemeji alipoliinua, likipita shimo usukani unacheza. Kamwendea pale gereji, akamwambia, 'Kaka, tundu la bolti kwenye ule mkono wa ekseli limetanuka.' Vijana wote wa gereji wanasikia. Shemeji akacheka. Akasema, 'Mimi nimekufundisha kushika spana, leo unanishikisha mimi?' Akafunga shokapu mpya ya usukani, akasema imekwisha."

"Na ikaisha?"

"Usukani ulitulia. Wiki nzima." Aliegemea mlango. "Sasa huyo shemeji ndiye anayewaambia watu mume wangu alikuwa na mguu mzito. Ndugu wa tumbo moja!"

Yadi ya polisi ilinuka mafuta na mpira uliochomwa na jua. Mkaguzi wa magari, mwanamke mnene mwenye ovaroli na mdomo usio na breki, alikuwa amelisimamisha lile gari juu ya magurudumu yake.

"Bahati springi za mbele ni nzima, afande. Njoo uone uchawi."

"Sipendi uchawi."

"Hupendi kitu chochote wewe. Inama."

Alimwonyesha chuma kirefu kilichotoka kwenye chasisi upande mmoja, kikashuka hadi kwenye ekseli upande wa pili.

"Huu ndio mkono wa ekseli. Kazi yake kuizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Ukiliinua gari, mkono huu unasimama mshazari zaidi, unabeba taabu kuliko zamani. Bolti yake ikilegea kidogo tu, ukipiga shimo ekseli inatikisika, na usukani nao. Fundi mzembe anafunga shokapu mpya ya usukani. Ni kumziba mgonjwa mdomo asikohoe. Kifua kiko pale pale."

"Na hii bolti?"

"Mpya. Nene, safi, imekazwa vizuri. Lakini tazama tundu lake kwenye chasisi."

Tundu lilikuwa limeliwa, limekuwa na umbo la yai.

"Bolti unaweza kubadilisha, afande. Tundu huwezi kulitia mfukoni ukaondoka nalo. Sasa shika tochi."

Mkononi alikuwa na chaki. Alichora mstari mmoja kwenye bushi, ule mpira unaoizunguka bolti, ukavuka hadi kwenye chuma cha chasisi kinachoushika. Kisha akalegeza bolti. Bushi iliruka yenyewe, ta! Mstari ukakatika vipande viwili, kila kimoja upande wake.

"Mpira ulikuwa umesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Maana yake ulikazwa wakati gari halijasimama kwa magurudumu yake." Akalipandisha gari kwa mashine, magurudumu yakaning'inia. "Sasa tazama mstari: vipande viwili vimekutana tena, na mpira haujasokotwa. Hivi ndivyo ulivyokaa ulipobanwa. Bolti hii ilikazwa miguu ikiwa hewani."

"Kama ilivyokuwa mferejini."

"Au kama ilivyokuwa juu ya jeki, gereji. Hapo ndipo fundi wake atakapokuponyoka. Atasema alikaza kwa uvivu, basi."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Inspekta alitabasamu, tabasamu baya. "Huyo? Hawezi kusema hivyo hata umchinje."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na dirisha lisilofunguka. Koplo alikaa pembeni na karatasi. Fundi aliingia kifua mbele.

"Nina msiba, Inspekta."

"Hutachelewa. Ile bolti mpya ya mkono wa ekseli, uliifunga lini?"

"Pamoja na shokapu. Gereji kwangu."

"Baada ya hapo hukuigusa?"

"Niiguse ya nini?"

"Sawa. Basi kesi ni ndogo." Inspekta alipiga miayo. "Mkaguzi wetu anasema umefanya kazi ya kitoto. Umekaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Kama wale wanaotengenezea magari kwenye vumbi huko stendi. Anasema hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivyo."

Kiti kilikwaruza sakafu.

"Nani kasema?"

"Mkaguzi."

"Mwambie huyo mama aje aniambie usoni! Mimi nimekaza mikono ya ekseli yeye bado anachezea tope! Gari nalishusha. Linakaa kwa miguu yake. Nalitikisa, uzito unatulia wote, ndipo nakaza. Anayekaza linaning'inia si fundi, ni mbeba spana! Uliza kijana yeyote aliyepita mikononi mwangu!"

"Na hili la mdogo wako?"

"Na hili pia!"

"Una hakika?"

"Naapa!"

"Koplo, umeandika?"

"Neno kwa neno, afande."

Inspekta aliweka mezani picha ya bushi, mstari wa chaki umekatika. Hakueleza. Kwa fundi hakukuwa na haja ya kueleza. Fundi aliitazama picha, na kifua chake kikashuka kama tairi lililochomwa.

"Magurudumu yalikuwa hewani ulipokaza, Fundi. Na gari hilo limening'inia mahali pamoja tu tangu litoke gereji kwako. Bolti ya zamani iko wapi?"

Inspekta alipiga meza kwa kiganja.

"Iko wapi!"

"Kwenye matete. Chini ya mfereji."

Askari waliipata baadaye. Shingo yake ilikuwa imeliwa kama mfupa uliotafunwa na mbwa.

"Ulijua tundu limetanuka?"

"Alinifedhehesha," Fundi alisema. "Mbele ya vijana wangu. Mimi nimemlea baada ya baba kufa, nimemfundisha kazi, halafu ananisahihisha kama mtu baki. Walipoondoka niliingia chini na tochi. Dogo alikuwa sahihi. Lakini kulijaza lile tundu na kulitoboa upya ilikuwa lazima vijana waone. Wangecheka. Nikafunga shokapu, ili usukani unyamaze."

"Ukanyamaza."

"Ukanyamaza. Akalijaribu, akarudi." Aliikuna grisi kwenye kucha zake. "Akaniomba radhi, Inspekta. Mbele ya wote. 'Nisamehe kaka, wewe ndiye fundi.' Na mimi nikampa mkono, nikapokea."

Koplo aliacha kuandika.

"Uliposikia kishindo ulibeba sanduku la spana."

"Nilijua ni lile gari. Nikajua watakagua, bolti itanisema."

"Alikuwa hai. Alikuwa anakuita."

Fundi alifunika uso kwa mikono ile ile.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia, subiri dogo. Namalizia."

Inspekta alisimama. Alishika mgongo wa kiti kwa nguvu mpaka mbao zikalia, kisha akatoka, maana angebaki, kesi ingekuwa mbili.

Mjane alikuwa kwenye benchi ya mapokezi, mwanawe amemlalia pajani. Inspekta alimweleza yote akiwa amesimama. Alipomaliza, mwanamke akauliza jambo moja.

"Alikuwa anakwenda kasi?"

"Hapana, mama. Hata chai haikumwagika."

"Basi njoo." Alimbeba mtoto begani, akatangulia mlangoni. "Walimtukana getini kwangu kwa sauti, majirani wakasikia. Utakuja useme pale pale, jina la shemeji ulitaje, na useme kwa sauti ile ile."

Inspekta alivaa kofia, akamfuata.