Wito wa Bugeshi Uliokwama

Maiti ya Igihozo, msichana aliyeandika programu za kampuni, ilikuwa imelala kifudifudi kati ya rafu mbili za seva, na damu yake ilikuwa imeshapenya chini ya zulia la plastiki. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Aliyempiga hakuridhika na pigo moja. Alipiga na kupiga, kisha akaigeukia kompyuta ya marehemu akaiponda vilevile, kioo na kibodi na kila kilichokuwa ndani yake.

Silaha ilikuwa palepale: jiwe jeusi la volkano, la aina inayookotwa popote Gisenyi. Wafanyakazi walikuwa wakilitumia kuzuia mlango usijifunge.

"Alama za vidole?" Inspekta Mbonigaba aliuliza.

"Hazikai kwenye jiwe la vishimo namna hii, afande," mtaalamu alijibu.

Mbonigaba alilinyanyua. Ncha zake zilichana glavu yake mahali pawili, na hapo alikuwa amelishika taratibu tu. Alilirudisha chini, akajitazama kiganja.

Inspekta huyu alikulia Kagera, Tanzania, kabla ya wazazi wake kurudi Rwanda, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka wenzake wa Gisenyi wakamtania kwamba anaongea kama redio. Hakukasirika. Kilichomkasirisha ni watu kumletea muuaji kabla hajaanza kumtafuta, na leo walikuwa wamemletea.

Muuaji huyo aliyekamatwa na watu alikuwa nje, kwenye gari la polisi. Jina lake Sebagabo, aliyekuwa dereva wa kampuni hii ya magari ya wagonjwa. Umeme ulikuwa umekatika mchana, jenereta likawa linanguruma uani, na hakuna aliyesikia kitu. Kilichoonekana ni Sebagabo tu, akitoka mbio langoni, damu kwenye viatu. Vijana wa pikipiki waliompokea pale karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma, hawakumuuliza swali. Walimng'oa meno mawili, wakampasua mdomo, na wangemmalizia palepale kama polisi wasingefyatua risasi hewani.

Mbonigaba aliingia garini, akaketi mbele yake.

"Ulifuata nini mle ndani?"

"Igihozo aliniita, afande. Alisema: kuya, niko na kitu yako."

"Kitu gani?"

"Sijue. Nilimukuta chini, damu yote inje. Nikakimbia."

"Mtu asiye na kosa anakimbia?"

Sebagabo aliinua uso. Jicho la kushoto halikuwepo, na hilo halikuwa kazi ya leo.

"Mutu mwenye balishamutoboa jicho anakimbia, afande."

Kisa cha jicho hilo mji mzima ulikijua. Mwaka uliopita, huko juu Bugeshi, mwanamke aitwaye Nyiraneza alijifungua salama katika zahanati, kisha damu ikakataa kukatika. Zahanati ikaita gari. Gari halikuja, na Nyiraneza akafa juu ya kitanda cha chuma huku mumewe Jado akimshika miguu. Mahakamani, Wenceslas, fundi mkuu wa mitambo ya kampuni, aliapa kwamba wito ulifika kwenye simu ya Sebagabo na dereva akaupuuza. Sebagabo alifungwa, akanyang'anywa leseni. Siku aliyotoka, Jado alikuwa akimngoja barabarani na mpini wa jembe. Muda wote huo dereva alirudia neno lilelile: simu haikulia.

"Nionyeshe viganja," Mbonigaba alisema.

Sebagabo aligeuza mikono ndani ya pingu. Viganja vilikuwa vichafu, lakini havikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Inspekta alishuka. Vijana wa pikipiki walikuwa bado langoni, na mmoja alikuwa na tofali mkononi. Kama mtu huyu angepelekwa mahabusu leo kwa jina la muuaji, asingefika kesho mzima, na Mbonigaba alilijua hilo vizuri.

Alimkuta Wenceslas kwenye korido, koti limefungwa, mikono mifukoni. Alikuwa mwenyeji wa Goma zamani, mtu wa kunyoosha shingo kabla ya kusema.

"Bon, inspekta. Mutu iko ndani ya voiture yako ya polisi. Unatafuta nini ingine?"

"Ninatafuta unachokijua. Uligombana na Igihozo?"

"Ya kazi tu. Alitaka kutupa kazi yangu ya miaka mingi, aingize lugha yake ya hesabu. Nilimwambia haiwezekane. Mutambo yangu na lugha yake havisikilizane."

"Na vikasikilizana?"

"Sijue. Mi sikuangalia."

Inspekta hakupenda jibu hilo. Fundi mkuu asiyeangalia mtambo wake mwenyewe alikuwa jambo geni kwake.

Chumbani mwa seva, Nasrine wa kitengo cha makosa ya mtandao alikuwa amevuka damu kwa uangalifu na kuunganisha kompyuta yake. Nusu ya jamaa zake wanaishi Goma na nusu huku, na ulimi wake ulikuwa wa kotekote.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," Mbonigaba alimwambia.

"Bon. Zahanati inatuma wito. Wito hauendi moja kwa moja kwa dereva. Unafika kwa programu ya katikati, wanaiita dalali ya ujumbe. Dalali inapokea, inapanga foleni, inagawa ku simu za madereva. Hii dalali ni Wenceslas aliileta, ya zamani sana."

"Na Igihozo?"

"Yeye aliandika mfumo mupya kwa Haskell. Ni lugha ya programu yenye kila kitu ndani ni kanuni, kama ya hesabu: ukiipa kitu kimoja, inakupa jibu moja, leo na kesho. Inakataa mambo ya kubahatisha. Sasa vyombo vya Haskell vinazungumza na madalali wapya, hii dalali ya zamani haviielewe kabisa. Igihozo akaandika daraja katikati, mukalimani. Imefanya kazi, afande. Huyu mutoto alikuwa fundi."

Alisema hivyo huku akikwepa kuitazama maiti.

"Kompyuta yenye daraja imepondwa."

"Nakala iko ku seva ya pili. Na kuna kitu." Nasrine alishusha sauti. "Dalali ya Wenceslas, vile aliipanga, ikishatoa ujumbe inaufuta, hata kama simu haikupokea. Ndiyo maana haikuaminika. Igihozo akabadilisha: dalali ikitoa ujumbe, ingoje dereva mwenyewe abonyeze 'nimepokea'. Daraja likikufa mbele ya jibu kufika, ujumbe unarudi ku foleni."

"Kwa hiyo aliyevunja kompyuta..."

"Alifikiri ujumbe umehamia ndani yake. Ulirudi nyuma. Iko moja inangoja. Ilikwama pembeni siku dalali iliganda ikaacha kugawa, Igihozo akaivuta."

Alimgeuzia kioo. Mbonigaba akasoma: *Bugeshi. Mama amezaa, damu haikatike. Leteni gari upesi.*

"Wa lini?"

"Mwaka jana. Simu haitaonyesha tarehe, inaonyesha maneno tu."

Mbonigaba aliusoma tena. Sasa alijua kitu ambacho Igihozo alimwitia Sebagabo, na hasira ilimpanda. Lakini kumtia Wenceslas pingu kwa kiapo cha uongo kungemwachia mlango wa kutokea: angesema mtambo ulimdanganya hata yeye. Kiapo cha uongo ni kosa moja na kuua ni lingine.

"Wito huu ulimfikia nani?"

"Hakuna mutu. Ni mwenye kuchungulia ndani ya foleni tu anaweza kuuona."

"Basi ukumbushe njia yake," inspekta alisema. "Nikikupa ishara, uache uende ulikokuwa ukienda."

Aliwakusanya wote katika chumba cha kupokelea wito: Mukankusi aliyekuwa muuguzi wa zamu, madereva wawili na Wenceslas. Sebagabo aliletwa na pingu zake, akaketishwa karibu na mlango. Mukankusi alipoliona lile jicho na ule mdomo alianza kulia.

"Nitauliza kila mtu alikuwa wapi," Mbonigaba alisema, akakuna sikio.

Kengele ililia. Simu zote mezani zikaitika pamoja, na kioo cha ukutani kikawaka maneno mekundu.

Kampuni hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo hata mfagizi aliifuata: kengele ikilia unasimama kwanza, unasoma ukiwa njiani. Mukankusi alikuwa na mkoba begani kabla machozi hayajakauka. "Bugeshi, damu haikatike," alisoma kwa sauti. Dereva mmoja alishanyakua funguo, mwingine alikuwa mlangoni. Sebagabo naye alikuwa wima, pingu na yote, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Pitieni barabara ya juu," aliwahimiza. "Ya chini ni mbaya."

Mtu mmoja tu alikuwa bado kitini.

"Bwana Wenceslas," inspekta alisema polepole. "Wewe husimami?"

"Kwa nini nisimame? Muache hao, wanaenda bure. Ule mama alishakufa."

Dereva aliyekuwa mlangoni aligeuka. Simu ziliendelea kulia.

"Mama gani?" Mukankusi aliuliza.

"Wito hauna jina," Mbonigaba alisema. "Hauna tarehe. Haujawahi kufika kwa mtu yeyote kabla ya sasa hivi. Umejuaje kwamba amekufa?"

Wenceslas alitoa mikono mifukoni. Viganja vyote viwili vilikuwa vimefungwa bandeji, na damu ilikuwa imepenya kitambaani. Alinyakua spana ya mtungi wa oksijeni ukutani, akaizungusha. Ilimpata Nasrine, aliyekuwa akiingia, juu ya shavu, na mfupa ukalia. Akaruka kuelekea mlangoni. Sebagabo hakusogea. Pigo la pili lilimshukia begani, akapiga goti, lakini akamng'ang'ania mtu yule kiunoni kwa mikono iliyofungwa. Mbonigaba alimfikia hapo. Aliubamiza mkono wa Wenceslas kwenye ukingo wa meza, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kifundo kikavunjika na spana ikaanguka. Kisha akamkandamiza uso sakafuni kwa nguvu zaidi ya iliyohitajika, na hakujutia.

"Sema."

"Mukono yangu..."

"Igihozo hana mkono wa kulalamikia. Sema."

Wenceslas alihema dhidi ya vigae.

"Dalali iliganda siku ile. Niliizima, nikaiwasha, nikafikiri kila kitu imefutika. Asubuhi bakasema mama amekufa. Ningesema nini? Mi ndiye niliileta. Mi ndiye niliapa ku patron mwenye kampuni: haigande."

"Ukamtupia dereva."

"Nilifikiri atapoteza kazi tu."

"Alipoteza jicho."

"Najua. Nilipita na voiture siku Jado alikuwa anamupiga. Nilifunga kioo."

Mukankusi alimwita Mungu wake, "Mana yanjye," kwa sauti ndogo, akashika ukuta.

"Na Igihozo?"

"Alinionyesha wito. Ulitoka ku mutambo yangu, ukaingia ku kompyuta yake, foleni ikabaki tupu. Akasema, papa Wenceslas, enda ujisemee mwenyewe, mi nitakusindikiza. Alikuwa anazungumza na mi kwa huruma. Kwa huruma, afande. Akageuka kuniletea kiti." Alifumba macho. "Jiwe lilikuwa pale."

"Akageuka kukuletea kiti," Mbonigaba alirudia, kisha akawaambia askari wamwondoe kabla hajamfanya jambo.

Nasrine alipelekwa hospitalini, shavu limevimba, akisisitiza kompyuta yake isiguswe kwa kuwa ni kielelezo. Inspekta alimfungua Sebagabo pingu kwa mkono wake, akatoka naye langoni ubavu kwa ubavu, akawaambia vijana wa pikipiki muuaji ni nani. Mwenye tofali aliliweka chini, akawa anatafuta pa kutazama.

"Nikupeleke nyumbani?"

"Hapana, afande. Munipeleke Bugeshi."

Jado alikuwa shambani akichimba viazi. Alipomwona anayeshuka garini, alikaza mkono kwenye mpini. Mbonigaba alisimama katikati yao, akaeleza yote: mtambo ulioganda, kiapo cha uongo, msichana aliyeuawa kwa kuupata wito. Jado alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza kusikiliza, alimpita inspekta kana kwamba hayupo, akasimama mbele ya dereva.

"Donc, ni kweli simu haikulia."

"Haikulia."

"Na kama ingelia?"

"Ningekuya," Sebagabo alisema.

Jado alilitazama lile shimo la jicho alilolichimba kwa mikono yake. Alikaa chini kwenye tuta, viazi vyake vimemzunguka, akalia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata siku ya mazishi. Sebagabo alisimama pale kitambo, asijue la kufanya na mikono yake. Kisha naye akaketi.