Disketi Juu ya Jiko

Nyumbani kwa Emelyne, katika kijiji kimoja cha Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, mahindi ya mbegu yalikaa juu ya jiko. Fito zilipangwa kuwa dari, mahindi yakaning'inizwa na maganda yake, na moshi wa kuni ukayapitia asubuhi na jioni. Mdudu dumuzi hakuthubutu kusogea. Mama yake, Bibi Vénérande, aliisifu sana desturi hiyo. "Usichotaka kikupotee, kipe moshi," alikuwa akisema.

Basi siku moja ya mwezi wa pili, mwaka 1996, Emelyne aliamka mapema kama kawaida. Alimpa binti yake Annonciata uji. Alimwacha mumewe, Arcade, akichambua majani ya tumbaku huku akipiga mluzi. Kisha alipanda baiskeli kwenda kazini, kwenye kituo cha mafunzo.

Kituo kilikuwa na kompyuta moja. Jenereta iliwashwa saa nne na kuzimwa saa nane, kwa hiyo Emelyne hakuwa na muda wa kupoteza. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Lakini kwa miezi minane alikuwa amejifundisha jambo jingine: kuandika programu.

Programu ni maagizo. Unaiandikia kompyuta mstari kwa mstari: fanya hili, kisha lile, na likitokea hili, usifanye lile. Programu ya Emelyne ilikuwa na mistari mia nne na kumi na miwili. Ilipanga ratiba za vipindi vya shule. Zamani mwalimu mkuu alikaa wiki nzima na rula na penseli, akifuta na kuandika mpaka karatasi ikatoboka. Sasa alileta majina ya walimu na masomo, na baada ya dakika kumi aliondoka na ratiba safi. Chini yake palichapwa: "Imepangwa na programu ya Emelyne, Katumba." Maneno hayo yalimpa raha kuliko mshahara.

Shule kumi na moja ziliitumia. Zilizokuwa mbali na Katumba zilichapa ratiba zao katika ofisi moja mjini Mpanda, ambako Emelyne alipeleka disketi ya programu hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi hiyo alimkuta mgeni mlangoni. Alikuwa Suzana, mwalimu mkuu wa shule moja ya Mwese. Alishuka milima kwa miguu, akalala njiani, akadandia lori la mkaa. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kusalimia.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba. Lakini leo marahaba yangu ina uchungu." Suzana alikunjua karatasi. "Ratiba hii nimechapiwa mjini. Hebu soma Jumatatu, kipindi cha pili."

Emelyne alisoma. "Mwalimu Kasimiri, darasa la tano, hesabu. Mwalimu Kasimiri, darasa la saba, hesabu."

"Kipindi hicho hicho. Ni kweli Kasimiri ana miguu miwili, ila huwa anaitumia yote kwenda mahali pamoja. Haya, soma Alhamisi."

Alhamisi Kasimiri hakuwa na kipindi hata kimoja.

"Ni mwalimu wangu pekee wa hesabu," Suzana alisema. "Alhamisi anamwagilia mchicha! Watoto wa darasa la saba wana mtihani mwaka huu."

Emelyne alitazama chini ya karatasi. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, mara tatu. Machozi yalimlenga.

"Jumamosi wakuu wote wa shule tunakutana hapa," Suzana aliendelea. Sasa sauti yake ilipoa kidogo. "Nisikufiche, binti yangu. Nitasimama niseme turudi kwenye rula na penseli."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Suzana alipokwenda kupumzika kwa wenyeji wake, Emelyne alikaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyefiwa. Amri ya kwanza kabisa aliyoiandika katika programu ilikuwa hii: mwalimu mmoja asipangwe madarasa mawili kwa wakati mmoja. Ingewezekanaje?

Ndipo alipofika Masalu na pikipiki yake. Masalu alikuwa fundi wa kompyuta kutoka mjini, Msukuma mrefu, mcheshi. Alikuja kubadilisha utepe wa printa.

"Vipi dada, mbona leo kituo kina msiba?"

Mficha uchi hazai. Emelyne alimweleza yote.

"Maagizo yako mtu ameyachezea," Masalu alisema.

"Haiwezekani. Niliyafunga! Nilihifadhi kwa ile herufi P ya kufungia. Mtu akiiendesha programu, inafanya kazi. Akitaka kuisoma mistari yake, kompyuta inakataa."

Masalu alicheka, lakini si kwa dharau. "Kufuli hilo watu walishajua kulifungua zamani. Kuna ujanja wa mistari miwili tu. Mimi siujui, lakini upo. Ni kama kufunga mlango kwa kamba: jirani mwema anabisha hodi, mwenye haja anafungua fundo. Sasa leta ile nakala yako ambayo hukuifunga, tulinganishe."

"Iko nyumbani. Nimeiweka pazuri sana."

Walipofika nyumbani, Emelyne alipanda kigoda na kuingiza mkono kati ya mahindi ya mbegu. Alitoa disketi. Ilikuwa ya kahawia, imejikunja, na ilinuka kama nyama ya kukaushwa.

Masalu aliishika kwa vidole viwili. "Dada. Uliiweka hapa?"

"Usichotaka kikupotee..." Emelyne alianza, akaitazama disketi.

"Moshi unaua dumuzi," Masalu alisema, "na disketi nayo unaiua. Adui zake ni joto, moshi, vumbi, jua, na sumaku. Hata juu ya redio usiiweke, kwa sababu spika ina sumaku ndani."

Bibi Vénérande, aliyekuwa akipepeta maharage, aliinua uso. "Yoo! Kwa hiyo kitu hiki hakikai kama mbegu?"

"Ni mbegu, bibi. Ila inataka ghala lake."

Emelyne alikaa chini. Mambo yalikuwa yamemgeukia. Nakala ya wazi imeungua. Nakala aliyobaki nayo aliifunga mwenyewe, na sasa hata yeye hakuweza kuisoma. Kufuli lililomruhusu mgeni lilimzuia mwenye nyumba. Arcade alimwekea mkono begani.

"Mama Anno, usikate tamaa. Hebu nione hizo karatasi."

Emelyne alikuwa na nakala za ratiba nne zilizochapwa mjini mwezi ule. Walizitandaza juu ya mkeka. Arcade hakujua kompyuta, lakini macho yake yalizoea kutenganisha majani ya tumbaku, hili daraja la kwanza, hili la pili. Hakuchukua muda.

"Mbona kila shule kuna mtu mmoja hana kazi Alhamisi?"

Emelyne alisogea. Kweli. Aliangalia namba za walimu, maana programu ilimtambua kila mwalimu kwa namba yake. Kila shule, aliyepumzika Alhamisi alikuwa mwalimu namba saba. Mwese, namba saba ni Kasimiri.

"Mtu alimpa mapumziko namba saba wa shule yake," Masalu alisema polepole, "na programu ikawapa mapumziko namba saba wote. Sasa Alhamisi kuna nini huku kwetu?"

"Mnada wa ng'ombe!" Arcade na Bibi Vénérande walisema kwa pamoja.

Emelyne alifungua daftari lake la shule na walimu wao. Kidole chake kilishuka mpaka shule ya Kasokola. Namba saba: Mwalimu Manyanda. Mtu wa ng'ombe kwelikweli, aliyesomea kompyuta kidogo huko Tabora.

"Kesho Alhamisi," Masalu alisema. "Najua pa kumpata."

Kesho yake, saa tano, pikipiki ilirudi kituoni. Nyuma alikaa Mwalimu Manyanda, fimbo ya kuswagia ng'ombe ingali mkononi. Alipomwona Emelyne na ile karatasi ya wino mwekundu, alishusha macho.

"Dada, mimi sikuiba. Nilisogeza Alhamisi tu."

"Ulisogeza Alhamisi ya shule zote zinazochapa mjini!"

"Siku nilipokwenda kuchapa ratiba yetu pale ofisini mjini, nilidhani itakaa kwangu peke yangu. Halafu kompyuta ikawa inakataa, inasema vipindi vinagongana. Nikaona mstari mmoja unaleta ubishi, nikautoa."

"Mstari huo ndio unaozuia mwalimu mmoja kuwa madarasa mawili!"

Manyanda alipiga paji la uso kwa kiganja. "Sasa nimeelewa. Mwalimu Mkuu Suzana amekuja kwa miguu kwa ajili yangu? Nimekukosea, dada. Nisamehe. Jumamosi nitawaambia wote mwenyewe."

Hasira ya Emelyne ilikuwa tayari mdomoni, lakini alipoitazama ile fimbo kicheko kilimponyoka. "Nitakusamehe. Lakini kwanza kaa hapa. Fungua kufuli langu. Mimi mwenyewe siwezi."

Dawa ya moto ni moto. Manyanda aliandika mistari yake miwili, akabonyeza, na maagizo yote mia nne na kumi na mawili yakatokea, mazima kama Emelyne alivyoyaandika. Emelyne aliyasoma kwa furaha ya mama aliyeona mtoto karudi.

"Haya," alimgeukia Masalu. "Umeona ilivyo rahisi. Nitayalindaje sasa?"

Masalu alivuta kiti. "Mayu, yaani mama yangu, ni mganga wa ng'ombe. Mfugaji akija, mayu hampi mizizi. Akimpa mizizi, kesho ataichimba mwenyewe, atachanganya vibaya, ng'ombe atakufa, na watu watasema dawa ya mayu ni mbaya. Anafanyaje? Anasaga. Mfugaji anaondoka na unga. Unga unatibu vilevile, lakini mizizi inabaki kwa mayu."

"Na programu inasagwa?"

"Inasagwa. Ninayo programu nyingine ya kufanya hivyo. Inachukua maagizo yako unayoyasoma wewe na kuyageuza lugha ya mashine. Huo unga ndio utakaowapa watu. Maagizo yenyewe, ambayo ni mizizi, hayatoki mikononi mwako."

"Na mjuzi akiuonja unga?"

"Mjuzi hasa anaweza kunusa akakutajia mizizi miwili mitatu. Sikudanganyi, hakuna kufuli la milele. Lakini itamchukua miezi. Hawezi kuifanya kazi hiyo kati ya kipindi na kipindi."

Manyanda alikohoa.

"Tena usitegemee kufuli peke yake," Masalu aliendelea. "Andika ndani jina lako na mwaka. Anayechukua disketi aweke sahihi kwamba hataibadilisha wala kuigawa. Na mizizi yako iweke nakala mbili, mahali pawili. Nyumba moja ikiungua, nyingine ipo."

Emelyne aliwaza kidogo. "Kuna jambo jingine," alisema. "Mwalimu Manyanda alivunja kwa sababu hakuwa na mlango wa kubisha. Sikumwachia mtu nafasi ya kuomba chochote. Nitaongeza swali: je, kuna mwalimu anayeomba siku ya mapumziko? Mwalimu mkuu akikubali, ajibu. Kompyuta itafute nafasi bila kugonganisha watu. Ikikosa, iseme imekosa."

Masalu alimtazama kwa heshima. "Hilo hata mimi sikulifikiria."

Alhamisi hiyo na Ijumaa walifanya kazi mpaka jenereta inazimwa. Emelyne aliongeza mistari ishirini na tisa. Masalu akasaga. Kisha wakampa Manyanda programu mpya aijaribu. Manyanda alikunja mikono ya shati, akatumia ujanja wake wote. Kwenye kioo zilitokea alama za ajabu tu, nyota, mishale na nyuso za kucheka.

"Hiki ni Kirundi?" aliuliza.

"Hata Kirundi siyo," Emelyne alijibu, na wote wakacheka.

Nakala mbili za maagizo zilipata makao mapya. Moja iliingia katika kopo la biskuti lenye mfuniko, ndani ya kabati la kituo. Nyingine ilitiwa ndani ya bahasha, ikasainiwa juu ya gundi, na Masalu akaipeleka kwake mjini. Bibi Vénérande aliarifiwa kwamba mahindi yake yamerudishiwa moshi wote.

Jumamosi wakuu wa shule walikaa kwenye mabenchi. Manyanda alisimama wa kwanza, akasema kosa lake bila kuzunguka. Walimcheka, walimkaripia, wakamcheka tena. Kisha printa ikaanza kulia, na ratiba mpya zikatoka moja baada ya nyingine. Wakuu wa shule kumi na moja walitia sahihi, kila mmoja akapewa disketi ya unga, ya kuchapia popote penye kompyuta.

Suzana aliichukua ratiba ya Mwese, akaisoma kama mtu anayechambua mchele. Jumatatu, kipindi cha pili: Kasimiri, darasa la saba tu. Alhamisi: hesabu, hesabu, hesabu. Aligeuza karatasi, akaigeuza tena.

Emelyne alimsogelea. "Kuna kosa, mwalimu mkuu?"

"Lipo. Jina lako liko wapi?"

Emelyne aliangalia chini. "Limebaki ndani ya programu, kwenye karatasi nililitoa. Nilidhani hulitaki."

Suzana alifungua mkoba wake. Alitoa kalamu ile ile ya wino mwekundu, akamwekea mkononi. "Nilikuonea. Liandike hapo kwa mkono wako, na zile za wenzangu zote."

Emelyne aliinama, akaandika. Suzana alitazama juu ya bega lake, akatikisa kichwa.

"Kubwa zaidi, binti yangu. Mwese ni mbali, nataka wakalione."